Wakuu, huko chuoni mnakulaje?

Kila mwaka vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, simu za studio yetu hapa Sumbawanga hubadilika. Miezi mingine mnatupigia kuuliza bei ya mahindi, mbolea ya ruzuku na mvua. Zikifika wiki hizi tunaulizwa nauli za mabasi ya Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam, na kama godoro linabebwa bure au linalipiwa mzigo.

Safari hii amepiga mama mmoja kutoka upande wa Laela, msikilizaji wetu wa siku nyingi, akiwa na malalamiko. Kijana wake amepata chuo Dodoma. Usiku kucha yuko kwenye simu, anaandikiana na watu ambao hajawahi kuwaona. Anawauliza huko wanakula nini, wanalala wapi, aende na ndoo au atazikuta huko huko. "Mimi mama yake nipo, baba yake yupo," akasema, "anauliza watu asiowajua habari ya kula!"

Tulicheka naye kidogo hewani, kisha tukamwahidi kulifuatilia. Tumezungumza na vijana wanaoondoka mwaka huu, na wengine waliokwisha kukaa vyuoni mwaka mmoja au miwili na sasa wapo likizo hapa mkoani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Vijana karibu wote wanafanya hivyo. Wiki chache kabla ya chuo kufunguliwa huwa yanaanzishwa makundi ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza, mara nyingi na mtu ambaye hakuna anayemfahamu. Mtu anaingia na salamu ile ile: "Habarini wakuu, mimi ni mgeni, naombeni ushauri." Anayemwita mkuu pengine ni kijana mwenzake wa miaka 19 ambaye naye hajafika. Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mnakulaje huko? Sahani ya wali maharage ni bei gani? Hosteli wanaruhusu jiko? Nije na unga kutoka nyumbani au nitachekwa?

Hilo la mwisho tulilisikia kwa vijana watatu tofauti, na tunaomba wazazi mlikumbuke, maana tutalirudia.

Kwa nini hawaulizi nyumbani? Sababu ya kwanza ni nyepesi: nyumbani hakuna anayejua. Katika familia nyingi za vijijini kwetu, huyu ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Mwalimu wake wa sekondari alisoma zamani, enzi ambazo bei zilikuwa nyingine. Fomu ya kujiunga inataja ada, namba ya akaunti na tarehe ya kuripoti. Haisemi ule wapi siku ya 25 wakati hela imebaki 4,000. Sababu ya pili ni aibu. Mzazi ameuza magunia au ng'ombe, kijiji kizima kimempongeza kijana, kisha kijana huyo huyo aanze kuuliza kama atashiba? Kwa mtu asiyemjua anauliza kwa mzaha, akijibiwa vibaya anatoka kwenye kundi na yameisha.

Kwa hiyo kumwuliza mgeni si utovu wa adabu. Tatizo ni kwamba huyo mgeni anajua baadhi ya mambo vizuri kuliko sisi sote, na mengine hayajui kabisa, lakini hujibu yote kwa sauti ile ile ya uhakika.

Hesabu ya 10,000

Tuanze na hela, kwa sababu swali la kula ni swali la hela. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mkopo wa chakula na malazi, ule ambao wanafunzi wanauita bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango chake kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hutolewa kwa awamu, na hesabu ya siku 60 ni shilingi 600,000. Si kila mwanafunzi anapata mkopo, lakini tumchukue huyu aliyepata, tena kwa kiwango hicho kizima.

Mzazi akisikia 600,000 anaona mtoto amekuwa tajiri. Sasa tuseme kijana amekosa nafasi hosteli za chuo. Hilo ni la kawaida, hata baada ya majengo mapya kujengwa. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa 2017, zinachukua wanafunzi 3,840, na chuo kina wanafunzi wengi kuliko hao mara nyingi. Basi anapanga mtaani. Tuseme chumba ni 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Hiyo ni 300,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, 50,000. Godoro, ndoo, sufuria, jiko na neti, tuseme 100,000, kama amenunua kwa kubembeleza. Imebaki 150,000. Igawe kwa siku 60, unapata 2,500 kwa siku. Ile 10,000 ya kwenye karatasi imekuwa 2,500, na hatujahesabu nauli ya daladala wala bando.

Awamu ya pili huwa na nafuu kwa sababu kodi imeshalipwa na godoro lipo. Inayowaangusha ni ya kwanza. Na hata hiyo haimsubiri getini. Kijana lazima kwanza asajiliwe chuoni, ahakikishe taarifa zake za benki ziko sawa, na asaini kupokea. Kati ya siku anayoshuka kwenye basi na siku hela inapoingia kunaweza kupita wiki kadhaa. Wiki hizo ndizo ambazo hana rafiki, hana duka linalomkopesha, na hajui mtaa. Kwa maneno mengine, yale maswali ya mzaha ya usiku yanahusu wiki hizo.

Wanachokijua hao wageni

Hapa tuwape haki yao. Aliyekaa chuoni mwaka mmoja akikwambia usipange chumba kabla hujalala mtaa huo hata siku mbili, msikilize, huyo amelipia somo hilo. Anajua mama ntilie gani anajaza sahani na nani anakata maharage yawe supu. Anajua kwamba siku ya bumu kila mtu anakula chipsi mayai na kuku, na kwamba wiki ya sita watu wale wale wanapiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja unasogezwa hadi saa kumi jioni ili uwe chai, mchana na usiku kwa pamoja. Atakushauri ununue unga, mchele, maharage na mafuta siku ile ile hela inapoingia, kabla hujanunua viatu. Atakwambia mtafute wenzako watatu mpike sufuria moja, kwa sababu mkaa wa kuivisha maharage ya mtu mmoja ni karibu sawa na wa watu wanne. Ushauri huo ni mzuri, na hakuna ofisi ya chuo itakayokupa.

Kuna na habari ya daftari, ambayo ilitukalisha kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Akina mama ntilie wengi karibu na vyuo huwa na daftari la wanafunzi wanaokula kwa mkopo hadi bumu liingie. Ushauri wa kwenye simu ni "jenga urafiki na mama mapema". Binti mmoja anayesoma Mbeya, nyumbani kwao Namanyere, alitueleza kwamba muhula wake wa kwanza wote uko kwenye daftari la namna hiyo. Kila jioni alikuwa anaoshea vyombo yule mama ili asijisikie vibaya.

Sisi tunaona daftari lina pande mbili. Mama huyo mtaji wake ni wa siku hadi siku: anauza leo ili anunue mchele wa kesho. Hela za wanafunzi 40 zikichelewa wiki mbili, yeye ndiye anayekopa kwa riba mtaani ili wao wale. Wako wanaohama mtaa bila kulipa, wakilipia uhuni wao kwa jina la wanafunzi wote, na mwaka unaofuata mgeni mnyonge anaambiwa hakuna tena kukopa. Kijana wako akikwambia analipa deni la chakula, usimgombeze kwamba anakula ovyo. Analipa alichokwisha kula.

Anayejibu haraka kuliko wote

Mwuliza swali anajitangaza. Ameshasema yeye ni mgeni, hajafika, anatafuta chumba, na mara nyingi ameshasema hata tarehe ya kusafiri. Dakika tano hazipiti, mtu anamwandikia pembeni: dogo, nina chumba kizuri karibu na geti, kinagombaniwa, tuma 50,000 ya kukishikilia. Picha za chumba zinakuja, zenye vigae na dirisha la kioo. Kijana anatuma. Akifika, namba haipatikani, na ile nyumba ya kwenye picha haipo mtaa huo.

Mwingine hajishughulishi na chumba. Anampigia mzazi kijijini, anajitambulisha kama mtu wa ofisi ya chuo au wa mikopo, anataja jina la mtoto na kozi yake. Vyote hivyo kavichukua kwenye kundi. Anasema kuna hela ndogo ya kukamilisha usajili. Wengi wetu tumeshazoea kuucheka ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", lakini ukitajiwa jina la mwanao na chuo chake, kicheko kinakatika.

Malipo ya vyuo vya serikali na ya Bodi ya Mikopo hupitia kontroli namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo. Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Ujumbe wa utapeli unaweza kuutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, na hata kwa kitochi inawezekana. Ukipiga *106# utaona pia kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Kuhusu chumba, kijana asitume hela ya kushikilia chochote. Akifika alale kwa ndugu, au kwa mwanafunzi mnayefahamiana naye. Wenyewe wanaita kubebana, wawili kwenye kitanda kimoja, na si starehe, lakini siku tatu za kubebana ni nafuu kuliko 50,000 iliyopotea. Kisha aende kuona chumba mchana, na aulize kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mwenye nyumba ni nani.

Ushauri unaoingia mwilini

Kuna eneo moja ambalo wageni wa kwenye simu huharibu kabisa, nalo ni tumbo. Mwanafunzi anaandika kwamba tumbo linamwaka, na majibu yanamiminika: ni maharage hayo, ni pilipili, ni kushinda njaa, kunywa hiki, meza kile. Tumekutana na kijana aliyeacha maharage kwa miezi mitatu kwa kuogopa vidonda vya tumbo, na wakati huo huo alikuwa anameza diclofenac kila siku kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Aliacha chakula chake cha bei nafuu chenye protini, akabaki na kitu kinachochubua tumbo.

Chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, pamoja na dawa za kutuliza maumivu za aina ya diclofenac na ibuprofen zikitumiwa mfululizo. Habari ya bakteria ilielezwa na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, miaka ya 1980, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Njaa na pilipili vinaweza kumzidishia maumivu aliyekwisha kuwa na kidonda, ila kidonda chenyewe kina kipimo na kina tiba hospitalini. Wanafunzi wengi wamekuwa wakilipia bima ya NHIF, 50,400 kwa mwaka, pamoja na michango mingine ya chuo. Kadi hiyo ipo kwenye begi lake. Mara nyingi inalala humo mwaka mzima huku mwenyewe akiwauliza wakuu dawa.

La pili ni mkaa. Hosteli nyingi haziruhusu kupika, na vyumba vya mtaani ni vidogo, kwa hiyo wapo wanaopika usiku mlango na dirisha vikiwa vimefungwa ili jirani au mwenye nyumba asione. Mkaa unaoungua kwenye chumba kisicho na hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Ukimnunulia mwanao jiko la mkaa, mwambie kabisa kwa maneno yako kwamba linawashwa nje, na haliingizwi ndani kuotea moto. Dodoma na Mbeya kuna baridi, atashawishika.

Sasa turudi kwenye lile swali la unga wa nyumbani. Kijana anaogopa kuchekwa. Waliokaa chuoni wanatuambia kinyume chake: anayekuja na unga, maharage na dagaa wa Kirando au Kasanga anapata marafiki siku ya kwanza. Mzazi wa Rukwa ana kitu ambacho wa mjini ananunua kwa bei ya juu. Debe moja la unga na kilo chache za maharage zinaweza kumvusha kijana zile wiki za kusubiri hela, na ndiyo maana tunaona huu ndio msaada mkubwa kuliko hela ndogo ndogo zinazotumwa na kukatwa makato kila mara.

Lakini utumwe vizuri. Mahindi yaliyosagwa yakiwa hayajakauka, yakafungwa kwenye mfuko wa plastiki, yakasafiri kwenye buti ya basi na kuwekwa sakafuni chumbani, yataota ukungu. Baadhi ya ukungu huo huzalisha sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katikati ya nchi, mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai hadi yakauke kweli, yachambuliwe, mabovu yatupwe, na yasimpewe hata kuku. Unga uliosagwa upoe kabla ya kufungwa. Chuoni uwekwe juu ya kitu, usigusane na sakafu wala ukuta. Ni bora kutuma kidogo mara mbili kuliko gunia moja litakaloharibikia huko. Na ukiwa na harufu ya uvundo au rangi isiyo ya kawaida, utupwe, hata kama inauma.

Swali lililo ndani ya swali

Tuliwauliza wale walioko likizo: ulipoandika "wakuu mnakulaje huko", ulikuwa unataka kujua nini hasa? Wengi walisema bei. Mmoja, anayesoma Morogoro, alinyamaza kwanza. Kisha akasema alipoliandika swali hilo kwa mara ya pili alikuwa tayari yuko chuoni, na alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Hakutaka kusema amepigwa deshi, akauliza kwa utani. Watu wakajibu kwa utani, wakaweka vikatuni vya kucheka. Aliyemwokoa ni mtu mmoja asiyemfahamu ambaye hakujibu kwenye kundi. Alimwandikia pembeni: umekula leo?

Vyuo vina mlezi wa wanafunzi, vina serikali ya wanafunzi, na vingi vina makanisa na misikiti ambako mtu anaweza kusema shida yake bila kutangazwa. Vijana wanajua ofisi hizo zipo. Wanasema wanakwenda huko kuhusu ada, mitihani na vitanda. Kwa ajili ya sahani ya chakula hawaendi, wanaona ni shida ndogo mno kwa ofisi na kubwa mno kwa kumwambia mzazi. Tumeona tuliseme hili wazi kwa wazazi: ukipiga simu ukauliza "masomo yanaendaje?" utajibiwa "vizuri". Ukiuliza leo amepika nini, nani amepika, unga umebaki kiasi gani, utajua hali yake bila yeye kulazimika kuomba.

Jumamosi hii baada ya taarifa ya habari ya saa mbili asubuhi tutakuwa na wanafunzi wawili studioni, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Dodoma. Mwenye kitochi apige, mwenye simu janja atume ujumbe wa sauti. Ulizeni habari ya vyumba, ya vyakula, ya mizigo kwenye basi.

Yule mama wa Laela alitupigia tena juzi. Tulidhani amekuja kulalamika upya. Anasema kijana ameacha wakuu wake kwa usiku mmoja na kumwuliza yeye makande yanapikwaje kwa mkaa kidogo. Akamwambia aloweke mahindi na maharage tangu usiku, amwage yale maji, na afunike sufuria. Kijana akasema kwenye kundi wamemshauri atie magadi mengi yaive haraka. "Nimemwambia magadi kidogo tu," mama akasema, "na huyo aliyesema mengi aje nimfundishe na yeye."